Uzi: Majumba ya Mfereji Mkuu wa Venice – yamesimamaje juu ya tope, na namna ya kuyasoma

#1 Kamba_Timazi

Wakuu, salaam.

Kila picha ya Venice inapopita humu, mabishano ni yale yale: mji unaelea, mji umekaa juu ya mwamba, miti ya msingi imegeuka jiwe. Yote matatu si kweli. Naomba tuyaangalie majumba ya Mfereji Mkuu kwa jicho la ujenzi, na wenye historia wajazie.

Tuanze na ardhi. Venice, mji wa Italia, ni visiwa 118 hivi ndani ya lagoni, yaani hori pana ya maji ya chumvi iliyotengwa na bahari ya Adriatiki kwa vipande vyembamba vya mchanga. Mwamba wa kufikiwa haupo. Kuna tope, mchanga na mfinyanzi kwenda chini mamia ya mita. Sehemu nyingi, mita chache chini ya tope laini, lipo tabaka la mfinyanzi uliokauka na kukazana zama za barafu. Wenyeji huliita karanto. Lina unene tofauti tofauti na mahali pengine limekatika kabisa, kwa hiyo fundi hakulitegemea kila mahali.

Kazi ilikwenda hivi. Kiwanja kilizungushiwa kingo ya muda: safu mbili za mbao zilizopigiliwa, katikati yake mfinyanzi ukashindiliwa, kisha maji yakachotwa nje. Vikafuata vigogo vya mwaloni, lachi (mti wa baridi wa ukoo wa msonobari) au msonobari wenyewe. Mbao nyingi ziliteremshwa kwa mito kutoka milima ya Cadore. Vigogo vingi vilikuwa vifupi kuliko watu wanavyodhani, mita 1 hadi 3 na nusu, unene sm 10 hadi 20. Vilipigiliwa kwa mikono: kundi la wanaume linanyanyua gogo zito lenye vishikio na kuliachia kwa pamoja, wakiimba ili wasipishane. Walianzia pembezoni wakazunguka kuelekea katikati, tope likose pa kukimbilia, libanwe na kukamuka maji. Hesabu inayotajwa sana ni vigogo 9 hivi kwa mita ya mraba.

Kigogo cha mita 2 hakifiki kwenye kitu kigumu chochote. Kazi yake ni kushindilia udongo. Wengi wanaichora kama nguzo iliyosimama juu ya jiwe, na hapo ndipo hesabu zao zote zinapoharibika.

Vichwa vikasawazishwa chini ya kiwango cha maji kupwa. Juu yake zikalazwa mbao nene, tabaka mbili zikikatana, ili mzigo usambae. Juu ya mbao, vitalu vya jiwe la Istria, chokaa zito lisilonyonya maji kirahisi, lililoletwa kwa mashua kutoka rasi ambayo sehemu yake kubwa leo iko Kroatia. Jiwe lilipandishwa hadi juu ya maji makuu ya siku zile, ndipo tofali la kuchoma likaanza.

Shikeni hilo la mwisho: tofali lilianza *juu* ya maji makuu. Matatizo ya leo yote yanatokea hapo.

#2 Mzee_wa_Kibarazani

Nimeweka kiti. Lakini Kamba, mti ndani ya maji miaka 500 usioze? Mlingoti wa ngalawa tu unaliwa na wadudu ndani ya miaka michache.

#3 Kamba_Timazi

Mzee wangu, mlingoti unaliwa kwa sababu uko kwenye maji yenye hewa. Minyoo ya baharini na kuvu wote wanahitaji oksijeni. Kigogo kilichozama ndani ya tope kimekosa oksijeni, kwa hiyo hao wawili hawakifikii. Wanaobaki ni bakteria wa aina inayoishi bila hewa nyingi. Wanakula, ila polepole sana, milimita kwa milimita kutoka nje kwenda ndani.

Kwa hiyo kusema "miti imegeuka jiwe" ni hadithi. Watafiti wa Italia wamechomoa sampuli na kukuta nje kumelainika kama sifongo huku umbo likiwa limebaki, kwa sababu maji yamejaza nafasi za nyuzi zilizoliwa. Toa kigogo hicho, kianike juani, kitasinyaa na kupasuka. Mti, maji na tope vinabeba jengo kwa kushirikiana, na mahali palipo hatari ni pale panapoachwa wazi: mkondo wa maji ukichimba tope pembeni ya msingi, oksijeni inaingia na minyoo inaingia nayo.

Hatari nyingine ni kukausha mfereji kwa matengenezo na kuuacha mkavu muda mrefu. Hufungwa kipande, maji hupampiwa, tope huzolewa, viungo vya mawe hujazwa mota, kisha maji hurudishwa haraka iwezekanavyo.

#4 Bamvua

> Mzee_wa_Kibarazani: Mti ndani ya maji miaka 500…

Niongezee kwenye hadithi zisizo na hesabu. Kila kitabu cha watalii husema kanisa la Santa Maria della Salute limekaa juu ya vigogo 1,106,657. Tarakimu imekaa kitaalamu hadi mtu anaogopa kuuliza.

Tupige hesabu. Kanisa lile halifiki mita za mraba 5,000, tena nimelikadiria kwa ukarimu. Gawanya: vigogo 221 kwa kila mita ya mraba. Kigogo cha unene wa sm 15 kinataka mita ya mraba 0.0225, kwa hiyo hata ukivipanga vikigusana kama viberiti, vinaingia 44 tu. Haiwezekani kabisa. Daraja la Rialto, lililojengwa 1588 hadi 1591 chini ya Antonio da Ponte, linatajwa kuwa na vigogo 12,000 hivi, 6,000 kila upande, na hilo ni tao moja linalosukuma kingo zote mbili kwa nguvu. Hiyo ni namba ya kuaminika.

#5 Msoma_Matao

Nichukue upande wa historia na ramani ya ndani, maana bila hiyo uso wa jumba hausomeki.

Kwanza jina. Wakati wa Jamhuri ya Venice, aliyestahili *palazzo* alikuwa mmoja, Doji, mkuu wa nchi. Nyumba za wengine, hata ziwe na marumaru hadi paani, ziliitwa *ca'*, kifupi cha *casa*, nyumba. Ndiyo maana hadi leo ni Ca' Foscari, Ca' Pesaro, Ca' Rezzonico. Jina *fondaco* linatokana na Kiarabu funduq, nyumba ya wafanyabiashara yenye ghala chini na malazi juu. Walio Muscat na Dubai wanalijua neno hilo kwa maana ya hoteli.

Na hilo ndilo jumba la Venice kwa asili: duka la jumla lililovaa nguo ya harusi. Ghorofa ya chini ina mlango wa majini unaoingia kwenye ukumbi mrefu unaopenya hadi uani au uchochoroni nyuma. Mashua inashusha pilipili, hariri na pamba moja kwa moja ndani, na ghala ziko kulia na kushoto. Juu yake mara nyingi kuna ghorofa fupi ya ofisi na hesabu. Kisha ghorofa tukufu, ambako ukumbi mwingine, *portego*, unapita urefu wote wa nyumba juu ya ule wa chini, vyumba vikiwa pande mbili. Darini, watumishi na mara nyingi jiko.

Ukitazama uso kutoka majini ramani yote imeandikwa pale. Madirisha yaliyobanana katikati ni kichwa cha portego. Madirisha ya mmoja mmoja pembeni ni vyumba. Vidirisha vidogo vya chini ni ghala. Ukikuta ghorofa tukufu mbili zinazolingana, fikiria ndugu wawili: kwa desturi yao ndugu walimiliki mali kwa pamoja, na mara nyingi mmoja tu ndiye aliyeoa ili urithi usigawanyike vipande.

Jambo jingine ambalo watu hawaliulizi: mbona majumba haya yako wazi namna hii? Florence karne ya 15 tajiri alijenga ngome ya mawe, madirisha ya chini yana vyuma. Huku maji yenyewe yalikuwa boma na serikali ilizishika koo zile kwa mkono mmoja, kwa hiyo tajiri aliweza kufungua ukuta mzima kwa matao.

#6 Kamba_Timazi

Msoma, hapo kwenye "kufungua ukuta mzima" kuna sababu ya kiufundi pia, na kwangu ndiyo nzuri kuliko zote.

Uso wa jumba la Venice haubebi sakafu. Kuta zinazobeba ni zile zinazoingia ndani, zilizosimama kwa pembe mraba na mfereji: kwa kawaida nne, mbili za nje na mbili zinazopakana na portego. Boriti za lachi zimelala kutoka ukuta hadi ukuta, sambamba na uso. Uso wenyewe ni pazia lililofungwa kwenye ncha za kuta hizo. Ndiyo maana unaweza kuutoboa matao sita ya mfululizo na nyumba isitikisike.

Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, mita 5 hadi 6. Boriti zimebanana sana, nafasi kati yake inakaribia unene wa boriti yenyewe. Mtu wa leo anaweza kuona ni uharibifu wa mbao, ila ukibanana hivyo kila boriti inakuwa nyembamba na nyepesi, na kuta mbili zinashikwa kila sm 40 au 50. Kuta hizo nazo ni nyembamba, maana kila kilo ya tofali inalipiwa na tope.

Pazia hilo linahitaji vishikizo: vyuma vinavyotoka kwenye ncha za boriti na kushika vipande vya jiwe la Istria usoni. Hapo kuna magonjwa mawili.

La kwanza, uso wa mawe ni mzito na umekaa ukingoni mwa maji, mahali tope linapoliwa. Unazama kuliko kuta za ndani, unaanza kuinamia mfereji, na ufa wa wima unatokea pembeni pale uso unapokutana na ukuta wa ubavu. Ufa ukiwa mpana juu na mwembamba chini, uso unageuka kwenda nje, unahitaji vyuma vipya vya kuuvuta. Ufa ukiwa na upana uleule juu hadi chini, chunguza msingi.

La pili, chuma kikishika kutu kinavimba na kupasua jiwe kutoka ndani. Mafundi wa zamani walimimina risasi iliyoyeyushwa kuzunguka chuma ili maji yasipite. Risasi ikitoka, jiwe linabanduka kipande chenye umbo la sahani. Leo huwekwa chuma kisichoshika kutu.

#7 Fundi_Chokaa

Msisahau sakafu. Nyumba inayocheza haiwezi kuwa na sakafu ya vigae vikubwa. Vingepasuka ndani ya mwaka. Jibu lao ni terazo ya chokaa.

Juu ya boriti, mbao tabaka mbili zikikatana. Juu ya mbao, tabaka zito kama sm 10: sehemu 1 ya chokaa kwa sehemu 3 hivi za tofali na vigae vilivyopondwa. Tofali lililopondwa si kijazio tu. Linaifanya chokaa ishike hata penye unyevu. Linapigwa kwa chuma siku baada ya siku hadi likome kutoa maji. Likishakauka vya kutosha (wiki, wakati mwingine miezi), linakuja tabaka jembamba zaidi, kisha la mwisho la sm 1 hadi 2 la chokaa na unga wa marumaru, likanyunyiziwa chembe za marumaru kwa mkono. Rola, nyundo, jiwe la kusugulia, halafu mafuta ya kitani yaliyopashwa moto.

Linalokwenda mrama mara nyingi ni haraka. Ukisugua kabla chokaa haijashika, chembe zinang'oka na kuacha mashimo. Ukipaka mafuta sakafu ikiwa na maji ndani, linatokea doa jeupe lisiloondoka. Na ukiweka tabaka la saruji juu ya boriti "kuimarisha", umeongeza mzigo na umeua ule mnyumbuliko. Nyumba ikizama nusu sentimita, sakafu inakatika mstari mmoja kutoka dirishani hadi mlangoni.

Terazo ya chokaa nayo inapata nyufa, ila ndogo ndogo nyingi. Zinajazwa kwa chokaa na unga wa rangi ileile, unasugua, maisha yanaendelea.

#8 Dada_Mchoraji

Kaka Msoma, tupe njia ya kujua umri wa jumba kwa kulitazama tu. Mtu yuko kwenye boti ya abiria, ana sekunde 20 kabla halijapita.

#9 Msoma_Matao

Dada, tazama vichwa vya madirisha kwanza, kingine chochote baadaye. Panda laini namba 1, inapita mfereji wote, kilomita 3.8 hivi. Nachukulia unatoka stesheni kuelekea San Marco.

Tao la nusu duara lililoinuliwa, kama limesimamishwa juu ya miguu mirefu, safu ndefu bila kupumzika: karne ya 12 na 13, mtindo wenye damu ya Bizanti, yaani Dola ya Roma ya Mashariki. Fondaco dei Turchi, kulia, ndiyo ya kwanza utakayoiona. Tahadhari, karne ya 19 lilijengwa upya karibu lote na likapewa minara ya pembeni isiyopendwa na wataalamu. Wafanyabiashara wa Dola la Uthmaniya walikaa humo kuanzia 1621 hadi 1838. Mfano usiochakachuliwa sana ni Ca' da Mosto, kushoto, muda mfupi kabla ya Rialto, alikozaliwa Alvise da Mosto aliyesafiri pwani ya Afrika Magharibi miaka ya 1450. Baada ya Rialto, kushoto, Ca' Farsetti na Ca' Loredan zimesimama bega kwa bega. Leo ni ofisi za manispaa. Ghorofa za juu ziliongezwa baadaye, kwa hiyo zisikuchanganye. Ca' Loredan ndiko alikozaliwa Elena Cornaro Piscopia, aliyepewa udaktari wa falsafa na Chuo Kikuu cha Padova mwaka 1678, mwanamke wa kwanza anayejulikana kufikia shahada hiyo.

Tao likianza kuchongoka juu kama ncha ya mkuki, uko Gothiki. Likiwa na ncha na ndani yake majani matatu, ni mwishoni mwa karne ya 14 na ya 15. Na ukiona juu ya matao kuna duara zenye matundu manne, mtu ameiga Jumba la Doji. Mfano mkubwa ni Ca' Foscari, kulia, penye kona kali ya mfereji. Doji Francesco Foscari alilianza 1453 ili kila anayepita alione kutoka pande mbili. Mwaka 1457 wakamwondoa madarakani na siku chache baadaye akafa. Leo ni makao ya chuo kikuu kilichoanzishwa 1868.

Duara kamili limerudi, madirisha mawili ndani ya tao moja kubwa na tundu la mviringo juu yake, nguzo zimepangwa kwa kipimo: hiyo ni Mwamko (Renaissance), na jina la kukumbuka ni mbunifu Mauro Codussi. Ca' Vendramin Calergi, kushoto, ilianzwa 1481. Richard Wagner alifia humo tarehe 13 Februari 1883, na sasa ni kasino. Baadaye mbunifu Sansovino, aliyekimbia Roma baada ya mji huo kuporwa 1527, akaleta uzito wa Kirumi: Corner della Ca' Granda, kushoto baada ya daraja la Accademia, chini mawe makavu yaliyochongwa kwa ukali, juu nguzo pacha.

Ukiona mawe ya chini yamechongwa kama almasi, nguzo zimejitokeza hadi uso umejaa vivuli, hapo ni Baroko, mtindo wa karne ya 17, ya mbunifu Longhena. Ca' Pesaro, kulia. Alikufa 1682 halijaisha, likamaliziwa na Gaspari mnamo 1710.

Palazzo Grassi ya Giorgio Massari, kushoto, 1748 hadi 1772, imetulia, baridi kidogo. Ndilo jumba kubwa la mwisho kukamilika kabla Jamhuri haijaanguka mbele ya Napoleon, tarehe 12 Mei 1797.

#10 Chungu_cha_Pili

Ca' Rezzonico mbona umeiruka? Lile lililojengwa na ukoo wa Papa Clement XIII.

#11 Msoma_Matao

Lilianzwa na ukoo wa Bon, mkuu, siyo Rezzonico. Longhena aliwachorea mwaka 1649. Pesa zikawaishia, mbunifu akafa, jengo likabaki nusu. Rezzonico, matajiri wapya waliotoka nje ya mji, walinunua 1751 na kumwita Massari. Likaisha ndani ya miaka michache, na mwaka 1758 mmoja wao akawa Papa. Ndiyo maana linatazamana na Grassi ng'ambo ya mfereji kama ndugu: mtu yule yule alihusika na yote mawili. Tangu 1936 ni makumbusho ya karne ya 18 ya Venice.

#12 Dada_Mchoraji

Na Ca' d'Oro? Nyumba ya Dhahabu kweli ilikuwa na dhahabu au ni jina la biashara?

#13 Msoma_Matao

Ilikuwa nayo. Marino Contarini aliijenga miaka ya 1420 na 1430, akiwatumia Giovanni na Bartolomeo Bon pamoja na Matteo Raverti aliyetoka Milan. Mwaka 1431 akaandikiana mkataba na mchoraji aliyeitwa Zuan de Franza: karatasi za dhahabu kwenye vichwa vya nguzo, simba na mapambo, buluu ya gharama kwenye mashimo ya nakshi, jiwe la Istria lipakwe nyeupe ya risasi kwa mafuta, jiwe jekundu la Verona lipakwe mafuta na vanishi liwe jekundu zaidi. Tunaposifia weupe wa mawe leo, tunasifia jengo lililochubuliwa.

Hasara kubwa ilikuja karne ya 19. Mcheza dansi Maria Taglioni alipolimiliki, "ukarabati" uliong'oa ngazi ya uani ya Gothiki na kuuza mdomo wa kisima uliochongwa na Bartolomeo Bon. Giorgio Franchetti alilinunua 1894, akavisaka vipande na kuvirudisha, akaikabidhi serikali nyumba yote 1916.

Tazama pia halilingani: kushoto matao, kulia ukuta. Mara nyingi husemwa bawa la tatu halikujengwa.

#14 Mzee_wa_Kibarazani

Ca' Dario je? Nasikia ina laana, kila anayeinunua anakufa.

#15 Kamba_Timazi

Mzee, jumba hilo ni la miaka ya 1480, na kila aliyenunua nyumba mwaka 1487 amekufa.

Kinachoonekana pale ni uso mwembamba wenye marumaru za rangi rangi ulioinama upande mmoja. Msingi umezama pasipo usawa. Angalia mstari wa kingo za madirisha ukilinganisha na maji, macho yenyewe yatapima.

#16 Fundi_Chokaa

Sasa ile "shikeni" ya Kamba kwenye posti ya kwanza. Jiwe la Istria lilifanya kazi ya tabaka la kuzuia unyevu. Bahari imepanda na mji umezama: kipimo cha maji cha Venice kina sifuri ya mwaka 1897, na usawa wa kawaida wa bahari leo uko zaidi ya sm 30 juu ya sifuri hiyo. Sehemu ilitokana na pampu za maji ya ardhini za viwanda vya Marghera katikati ya karne ya 20. Zilipofungwa, uzamaji wa haraka ukakoma. Kwa hiyo maji ya bamvua sasa yanaruka jiwe na kulowesha tofali.

Tofali linanyonya kama utambi. Maji yanapanda mita kadhaa, yanakaukia usoni, chumvi inabaki. Chumvi ikiganda ndani ya vitundu inatanuka na kumega tofali kuwa unga. Mstari wa uharibifu hauko kwenye maji, uko juu yake, pale ukuta unapokaukia. Watu wanatibu penye maji na kuacha penye ugonjwa.

Kosa kubwa kuliko yote ni lipu ya saruji. Inaonekana safi miaka miwili mitatu. Ila ukuta umezibwa pumzi, maji yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na lipu inabanduka ikiwa imeshika uso wa tofali. Wanaokarabati kuta za mawe na chokaa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaijua hadithi hii neno kwa neno.

Tiba inayofuatwa:

Ng'oa lipu mbovu hadi zaidi ya nusu mita juu ya mstari wa chumvi. Osha ukuta kwa maji baridi yasiyo na chumvi, rudia. Tofali zilizooza zinatolewa kwa vipande vidogo, nusu mita hivi kwa zamu, ukiruka kipande na kurudi baadaye, na unaziba kwa tofali za kipimo kilekile na mota ya chokaa yenye tofali lililopondwa. Ukitoa mita mbili mfululizo umetoa ukuta unaobeba ghorofa tatu. Wengine hukata ukuta kwa msumeno mlalo, kipande kwa kipande, na kuingiza shiti ya risasi, chuma kisichoshika kutu au plastiki ngumu, kisha kubana nafasi kwa mota isiyosinyaa. Ni kazi ya mhandisi: kata bila kubana vizuri, jumba linashuka milimita kadhaa na nyufa zinafika darini. Mwisho lipu ya chokaa, nyepesi, inayokubali kufa badala ya ukuta. Itabadilishwa baada ya miaka kadhaa, na hiyo ndiyo kazi yake.

Usoni kwenye mawe, weusi mnaouona si tope. Ni jasi iliyofanyika hewa chafu ilipokutana na jiwe la chokaa, ikakamata masizi. Penye kupigwa na mvua jiwe ni jeupe, penye kujificha chini ya kingo ni jeusi. Ukisugua kwa brashi ya chuma unaondoa na nakshi.

#17 Bamvua

Nyongeza juu ya maji. Rekodi ni sm 194 juu ya ile sifuri, tarehe 4 Novemba 1966. Ya pili sm 187, tarehe 12 Novemba 2019. Tangu 3 Oktoba 2020 inatumika MOSE: milango 78 ya chuma iliyolala chini kwenye midomo mitatu ya lagoni, Lido, Malamocco na Chioggia. Ikiwa kazini inajazwa hewa, maji yanatoka, inasimama. Kwa kawaida inainuliwa utabiri ukifika sm 110.

Kwa majumba hiyo ni nusu ya tiba. Inazuia mafuriko makubwa, ila haigusi bamvua za kawaida za sm 80 au 90 zinazolowesha tofali mara nyingi kwa mwaka, wala mawimbi ya boti za mashine yanayofyonza mota kutoka viungo vya mawe.

Ukitaka kuona bahari ilivyopanda bila kipimo, tazama mstari wa mwani wa kijani ukutani. Watafiti walilinganisha mstari huo na michoro ya Canaletto, aliyenakili majumba kwa usahihi akitumia kisanduku cha lenzi, na kukuta umepanda takriban sm 60 tangu karne ya 18. Vidaraja vya chini vya milango ya majini, ambavyo mtu alikanyaga akishuka gondola, sasa vimezama siku nzima.

#18 Chungu_cha_Pili

Maji ya kunywa walitoa wapi, maana kuzunguka kote ni chumvi?

#19 Fundi_Chokaa

Mvua. Ua wa jumba ulichimbwa mita 5 hivi, shimo likasilibwa mfinyanzi pande zote ili chumvi isiingie, likajazwa mchanga safi. Katikati ukajengwa mtungi wa tofali ulioshuka hadi chini. Mvua iliingia kwa mashimo manne ya uani, ikachujwa na mchanga, ikapenya kwenye mtungi. Yaani birika lililojaa mchanga. Bamvua ikifika uani, birika zima linaharibika na mchanga hubadilishwa. Bomba la kutoka bara lilifika 1884.

#20 Dada_Mchoraji

Swali la mwisho kwangu. Ipo sehemu ambapo naweza kuona tofali na jiwe vinavyoshikana, bila kubomoa nyumba ya mtu?

#21 Kamba_Timazi

Zipo mbili, na zote uko kwenye boti hiyo hiyo.

Shuka kituo cha San Marcuola. Kanisa lililo mbele yako halikuwahi kuvishwa mawe. Uso wake ni tofali tupu, na utaona meno na mashimo yaliyoachwa kwa mpangilio: humo ndimo mawe ya uso yangeingizwa na kufungwa vyuma. Simama pembeni, tazama kina cha mashimo, utaelewa kwa nini nasema uso ni pazia.

Ya pili ni Palazzo Venier dei Leoni, kulia, baada ya Accademia. Lilianzwa katikati ya karne ya 18 kwa mchoro wa Lorenzo Boschetti, likasimama ghorofa ya chini tu. Peggy Guggenheim, Mmarekani mkusanyaji wa sanaa, alilinunua baadaye na sasa ni makumbusho yake. Mfano wa mbao wa jumba zima lilivyokusudiwa uko Makumbusho ya Correr, San Marco. Anza na huo mfano, ndipo uende ukatazame vichwa vya simba vilivyo karibu na maji. Jiwe lote lile nene la chini liliwekwa kubeba ghorofa ambazo hazikuja.